Kalavati Halikatiwi Utepe

Kila kifuku, huku Nyanda za Juu Kusini kuna kazi inayojirudia: kumtafuta mwenye barabara. Kalavati limezolewa, Fuso ya viazi imelala ubavu, na mwenyekiti wa kijiji yuko pembeni na simu sikioni. Anampigia mtendaji wa kata. Mtendaji anampigia diwani. Diwani, ambaye kwenye kampeni barabara ilikuwa yake kabisa, sasa anasema ni ya wakala. Jioni ikifika wananchi wameshakata miti, wamelaza magogo, pikipiki zinapita, na wenye barabara bado wanatafutana.

Mimi nakusanya mazao. Parachichi za Rungwe na Njombe, viazi vya Uporoto, mara mojamoja maharage ya Mbozi. Kazi hii inamfundisha mtu barabara hata kama hakupenda, kwa sababu parachichi haijui bajeti wala vikao. Ikishachumwa, saa zinahesabika. Majani ya chai ndiyo kabisa: yakichelewa kufika kiwandani, mkulima wa Mufindi au Tukuyu anaambiwa bei nyingine, au anaambiwa ayarudishe nyumbani. Ndiyo maana kwetu mazungumzo ya barabara ni mazungumzo ya pesa.

Tuanze na hilo la mwenye barabara, maana jibu lipo, na wanaolipwa kulijua hawalisemi mapema. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza kazi mwaka 2000. Ile ya kutoka Dar es Salaam kuja Iringa, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma ni yao. Mbeya kwenda Chunya na Makongolosi ni yao. Njombe kwenda Makete, yao. Ukishaacha hizo ukaingia kushoto au kulia kuelekea kijijini, kwa kawaida umeingia barabara za wilaya, ambazo zina tabaka zake: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Hizo, pamoja na mitaa ya mijini, zilikuwa mikononi mwa halmashauri hadi mwaka 2017, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa chini ya TAMISEMI na kuwachukua wahandisi, magari na orodha ya barabara.

Orodha hiyo ni ndefu kupita kiasi. TARURA inasimamia zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima. TANROADS inasimamia zaidi ya 36,000. Ila fedha za Mfuko wa Barabara, zile tunazokatwa kila tunapojaza mafuta, kwa miaka mingi ziligawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za wilaya. Najua hoja ya upande wa pili: barabara kuu ndizo zinazobeba malori ya Zambia na Kongo, lami ni ghali, na mizigo ya nchi nzima inapita pale. Sawa. Hata hivyo gunia la viazi halioti kandokando ya lami ya Tunduma. Linaanzia kwenye barabara ya jamii, tena ile ambayo kwenye ramani ni mstari mwembamba usio na jina. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili ziende kwenye barabara za TARURA, na mtu anayezunguka vijijini aliona tofauti: greda zilianza kuonekana mahali ambapo watoto walikuwa hawajawahi kuziona.

Hivyo sitaki kuandika makala ya kulia kwamba hakuna pesa. Pesa hazitoshi, hilo ni kweli, na halitabadilika mwakani. Ninachokitaka mimi ni kidogo zaidi na hakigharimu sana. Nataka afisa anayesimamia barabara aizunguke kabla ya mvua, kwa miguu, na daftari.

Kwa nini kabla ya mvua? Hapa kuna jambo ambalo walio Dodoma ni rahisi kulisahau. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Fedha zikishapitishwa, zabuni zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, wakandarasi wanaomba, tathmini inafanyika, mikataba inasainiwa, mkandarasi anatafuta mitambo. Kwa mikoa yenye vuli na masika, kuna mwanya katikati wa kufanyia kazi. Sisi hatuna. Mvua yetu ni moja, inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Rungwe na Busokelo inaweza kukukuta hata mwezi wa tano. Mkataba ukichelewa kusainiwa, greda linafika mvua imeshashika. Wanachonga tope. Nimeona kifusi kikimwagwa asubuhi na kuondoka na maji mchana, na mkandarasi akapiga picha katikati ya hayo mawili, maana picha ndiyo inayoambatanishwa kwenye hati ya malipo.

Kwa hiyo kazi za lazima zaidi ni zile zisizohitaji zabuni kubwa, na hapo ndipo tunaporudi kwenye kalavati.

Kalavati ni kitu cha kudharaulika. Bomba la zege chini ya barabara, maji yanaingia huku yanatokea kule. Hakuna kiongozi aliyewahi kuja kulikatia utepe. Lakini ukizifuatilia barabara zilizokatika huku milimani, utakuta nyingi hazikuuawa na mto. Ziliuawa na bomba lililoziba. Migomba inaangusha majani, mkulima wa juu analima kufuata mteremko, udongo mwekundu unashuka, chupa za plastiki zinafuata, na bomba linaziba kidogokidogo kuanzia upande wa juu. Maji hayasimami kusubiri. Yakikosa njia ya chini yanapanda juu ya barabara, yanachagua sehemu laini, yanachimba upande wa chini, na kwa usiku mmoja tuta lote limekwenda. Asubuhi bomba lenyewe mara nyingi utalikuta zima kabisa, limelala bondeni, bado limejaa udongo wake.

Dawa yake ni sepetu, panga na watu wanne kwa nusu siku. Methali ya ufa na ukuta tunaijua tangu shule ya msingi, na ufa bado hatuuzibi.

Kuna mambo mengine mawili matatu ambayo afisa mwenye macho huyaona kwa kupita tu. Kwanza ukubwa wa bomba: la milimita 600 mtu mzima hawezi kuingia na sepetu akafanya kazi ya maana, wakati la 900 anajikunja anafika. Kwenye mteremko wenye migomba, kuweka dogo ili kubana gharama ni kununua ugomvi wa kila mwaka. Pili, kule maji yanakotokea. Kama hapajapangwa mawe ya kupokea nguvu ya maji, shimo linaanza, linakua kurudi nyuma, na siku moja mdomo wa kalavati unaning'inia hewani. Halafu mitaro ya pembeni. Barabara ya vumbi isiyo na mgongo katikati wala mtaro inageuka kuwa mtaro yenyewe. Mtu anayesema barabara yetu imekufa kwa sababu ya malori mara nyingi anasema nusu ya ukweli; malori yanamalizia, maji ndiyo yanayoanza.

Kwenye madaraja ni hivyohivyo, ila hasara ni kubwa zaidi. Duniani kote sababu inayoongoza kuangusha madaraja yaliyo juu ya mito ni maji kuchimba chini ya misingi. Sehemu ya juu, tunayoikanyaga na kuipiga picha, inaweza kuwa nzuri kabisa.

Nililiona hili kwa macho katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja. Palikuwa na daraja la mbao juu ya nguzo za mawe, na ng'ambo yake mashamba ya parachichi. Msimu wa kuchuma ulikuwa umekolea, nami nilikuwa na mzigo upande wa pili. Asubuhi tukakuta mtendaji wa kijiji, kijana mdogo tu, ameziba daraja kwa mawe na matawi. Amesikia mlio usio wa kawaida gari lilipopita jana yake, akashuka chini kuangalia, hakupenda alichokiona. Watu walimwandama. Madereva walimtukana, wakulima walimwuliza kama yeye ndiye atakayelipia mzigo ukioza, na mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, hilo daraja lilikuwepo kabla baba yako hajaoa." Yule kijana alijibu kwa heshima tu, "Shikamoo babu, naomba mniwie radhi, lakini gari halipiti." Akawapigia wakubwa zake aletewe barua ya kulifunga. Hakuna aliyetaka kuandika barua. Kila mmoja alimwambia atumie busara.

Siku iliyofuata akaja fundi wa ofisi ya barabara. Hakuhangaika na mbao za juu. Alivua viatu, akaingia majini, akachukua mti mrefu na kuupenyeza chini ya nguzo ya upande wa kulia. Mti uliingia wote. Nguzo ilikuwa imesimama juu ya shimo, imeshikwa na mazoea. Tulizunguka na mizigo kwa njia ya mbali, tukaongeza mafuta, na parachichi nyingine zikawa za kuuzwa hapohapo kwa bei ya kutupa.

Nimelisimulia hilo kwa sababu kila tunapozungumzia wajibu wa viongozi kwenye barabara tunazungumzia kujenga, kufungua, kuzindua. Kufunga hatukutaji. Kufunga daraja bovu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa maana anayefunga anatukanwa leo kwa ajali ambayo haijatokea, na ikishaepukwa hakuna atakayeamini kwamba ingetokea. Yule mtendaji hakuwa na cheo cha uhandisi wala mamlaka kamili kisheria ya kufanya vile. Waliokuwa nayo walijificha nyuma ya neno busara. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja katika mfumo mzima, ningeanzia hapo: kila wilaya ijulikane wazi ni nani, kwa cheo, anayefunga daraja usiku huohuo kwa barua ya mstari mmoja, na nani anakaimu akiwa safarini.

Uzito nao una mkono wake. Kwenye barabara kuu kuna mizani, Wenda pale Iringa, Makambako, Uyole, Mpemba, na sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Vijijini mizani ni macho ya mwenyekiti. Kibao cha tani 10 kinasimama kwenye daraja, Fuso inapita na magunia ya lumbesa, yale yenye kilemba juu, na mwenye gari anahesabu magunia badala ya kilo. Lumbesa tumezoea kuilalamikia kwamba inamwibia mkulima, na ni kweli inamwibia. Inaliibia na daraja. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, kwa hiyo afisa wa vipimo akikaza kamba mnadani anamsaidia mhandisi wa barabara bila hata kukutana naye.

Mijini sura ni nyingine. Jiji la Mbeya limelala kwenye mteremko, maji ya Loleza yote yanataka kushuka, na katikati yapo Mwanjelwa, Soweto, Mafiati na Kabwe pamoja na mifereji iliyofunikwa na meza za biashara. Mama muuza nyanya akiweka ubao juu ya mtaro ana sababu yake. Wateja wanapita hapo. Afisa wa jiji anayepita asubuhi kuchukua ushuru wake na kuacha mtaro umezibwa, huyo sababu yake siielewi. Anapokea fedha ya mahali ambapo maji yalipaswa kupita.

Halafu kuna hifadhi ya barabara. Kwa sheria ya barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, barabara kuu na za mkoa zina mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa mita 45. Hapo ndipo zilipozaliwa zile alama za X ukutani. Nyekundu maana yake wewe uliifuata barabara, utavunja kwa gharama zako. Ya kijani maana yake barabara imekufuata, unastahili fidia. Kuanzia upanuzi wa njia nne wa Nsalaga hadi Ifisi ulipoanza, kilomita 29 za kupita katikati ya jiji, rangi hizo mbili zimekuwa mada ya kila kijiwe. Nilichojifunza kwa kusikiliza ni kwamba wengi wenye X nyekundu hawakuvamia usiku. Waliuziwa viwanja mchana, mbele ya kiongozi wa mtaa, kwa hati ya mauziano yenye muhuri. Mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri ule alikuwa afisa wa barabara siku ile, ajue asijue.

Tena kuna mchanga. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nenda kwenye daraja lolote lililo karibu na mji mdogo unaojengwa haraka, utakuta vijana na makoleo na lori linasubiri. Wanachimba hapohapo kwa kuwa gari linafika kirahisi, na linafika kirahisi kwa sababu kuna daraja. Mchanga ukiondoka, mto unashuka kwenda chini, msingi unabaki juu. Serikali ya kijiji inakata stakabadhi ya ushuru wa mchanga, kisha inaandika barua ya kuomba daraja jipya.

Ukitaka daraja lisilo na meneja wala bajeti, lipo moja, Daraja la Mungu pale Rungwe, jiwe la volkano lililojikunja juu ya Mto Kiwira. Hilo haliombi matengenezo. Mengine yote yana wenyewe.

Madiwani wengi wanataka barabara zirudi halmashauri. Wanasema tangu 2017 wanaulizwa kwenye mikutano kuhusu kitu wasichokisimamia, na meneja wa TARURA akija kwenye baraza anatoa taarifa kama mgeni, kwa sababu bosi wake hayuko ukumbini. Malalamiko yao nayaelewa, dawa yao siiamini. Nakumbuka enzi za halmashauri: greda lilikuwa linajua nyumbani kwa kila mwenye sauti, na kijiji kilichomkosea mwenyekiti kilisubiri. Wahandisi kukaa pamoja na kuwa na orodha moja ni jambo jema. Kilichokosekana ni uso. Bodi ya Barabara ya Mkoa inakaa chini ya Mkuu wa Mkoa, wabunge wamo, wenyeviti wa halmashauri wamo, taarifa ni nene. Mkulima wa Ukinga au Undali hajui kama kikao hicho kipo. Meneja wa wilaya angefika kwenye mkutano mkuu wa kijiji mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa tisa hivi, aseme mwaka huu tunagusa hapa na hapa, pale hatutafika, na sababu ni hii, nusu ya matusi ingeisha. Watu wa huku wanavumilia kuambiwa hapana.

Yapo mambo yanayofanyika vizuri, nisije nikaonekana sijaona. Ile barabara ya zege ya Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50 kuelekea Ludewa, ni uamuzi wa mtu aliyeiangalia milima ile na mvua yake kabla ya kuandika. Madaraja ya mawe ya upinde ambayo TARURA imeyajenga kwa wingi, hasa Kigoma, ni wazo linalotufaa sana sisi: mawe tunayo, mafundi tunao, nondo inapungua, gharama inashuka. Na utaratibu wa kuvipa kazi vikundi vya akina mama na vijana, wafyeke majani na kuzibua mitaro ya kipande cha barabara kinachopita mbele ya nyumba zao, ningeupanua mpaka kila kalavati liwe na kikundi chake. Sheria ya ununuzi tayari inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Kikundi kinachokaa mita 200 kutoka kwenye bomba kitajua limeziba kabla ya mhandisi aliye kilomita 70, na kina sababu ya kulizibua, kwani ng'ambo ndiko iliko zahanati.

Sasa ni wakati wa kuandika barua. Usimpigie diwani simu usiku wa mvua. Andika kabla, karatasi moja. Taja barabara inakoanzia na inakoishia, taja kalavati kwa alama ya mahali, "baada ya kanisa, kabla ya mashine ya kusaga", eleza kama limeziba, limepasuka au linachimbika upande wa chini, ambatanisha picha. Ipelekwe kwa mtendaji wa kata, nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, au kwa meneja wa TANROADS wa mkoa kama ni barabara yao, na nakala nyingine kwa diwani. Baki na nakala yako, na usiondoke masjala kabla haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikuambia muhuri haupo, mwenye ufunguo ametoka, keti kwenye benchi umsubiri.